Mkono wa Agrey na Posa ya Binti Yangu

Naomba mfiche jina langu. Nina miaka sabini na moja, fundi wa umeme mstaafu, na bado naishi Kaloleni katika nyumba niliyomlelea kitinda mimba wangu, ambaye sasa anaposwa.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilifanya kazi katika kiwanda cha sabuni. Zililetwa mashine mpya, zote zikaunganishwa kwa nyaya kwenye kisanduku kimoja kinachoitwa swichi. Vijana, si swichi ya taa. Hii ilipitisha amri kutoka kompyuta ya ofisini hadi kwenye mashine. Kuingia kulihitaji jina na neno la siri, nasi sote tulitumia yaleyale ambayo swichi ilikuja nayo, yamebandikwa juu ya kisanduku kila mtu ayasome. Nilimweleza meneja bila haraka: swichi haitofautishi watu, yeyote akiingia anaweza kuwasha mashine, na kumbukumbu zake zitaonyesha jina moja tu, lile tunalotumia sote.

Akacheka mbele ya wafanyakazi. "Fundi, hapa si benki. Nani atakuja kuiba povu?"

Asubuhi moja Agrey, jirani yangu wa nyumba ya tatu, aliingia kusafisha pipa kubwa la kukorogea sabuni. Nililizima kwa kitufe cha palepale, kama ilivyokuwa amri ya kazi. Kitufe kile kilisimamisha pipa, lakini hakikuzuia amri ya kutoka ofisini. Pipa likazunguka. Likamnyofoa mkono wa kulia.

Kwenye kikao meneja alisema kwa upole, "Ni nani kati yetu alikuwa akitufundisha jinsi mtu anavyoweza kuingia? Mwalimu ndiye huyu." Nikafukuzwa. Mke wa Agrey alinimwagia maji ya vyombo nikipita. Agrey mwenyewe hajanisalimu hadi leo. Tunachota maji kwenye mfereji mmoja. Kifuniko cha mtungi hukifungua kwa meno.

Jumamosi iliyopita wageni wa posa walifika. Mchumba wa binti yangu hutumia jina la babu yake, kwa hiyo sikujua lolote mpaka baba yake alipoingia. Alikuwa yule meneja. Kabla ya chakula akaniomba tutoke tunyooshe miguu.

"Mkwe, tusizungushane. Ni mimi niliyeiwasha. Mzigo ulikuwa umechelewa, sikujua kuna mtu ndani."

"Na ukaniacha nifukuzwe."

"Si ulieleza vizuri? Ulisema jina litaonekana moja tu. Nilikusikiliza kuliko ulivyodhani." Akatazama nyumba ya Agrey. "Kumbe yule bado yuko? Mwache hivyo alivyozoea. Ukifungua mdomo, safari hii utakayemkata ni binti yako."

Tukarudi ndani. Binti yangu akapiga magoti na birika la kunawia, akammiminia yule meneja maji kwenye mikono yote miwili, akamwita baba.

Sasa anataka Agrey aalikwe harusini, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akimbeba mabegani alipokuwa mchanga, kabla ya ajali. Ameniachia kadi mezani, anasema niipeleke mwenyewe ili tupatane. Ninyi mnaosoma, niambieni: nikibisha pale mlangoni, nimpe Agrey kadi, au nimpe jina?