Susu na Moto Usiolala Uchi

Nilipokuwa mtoto wa kutumwa chumvi dukani, miaka ya sabini karibu na Tawa, nilijua moto haulali uchi. Ndivyo alivyosema Susu, nyanya yangu mzaa baba. Kabla ya kutoka jikoni alivuta kuni zote mafigani, akazika ncha zake majivuni, akafukia makaa, kisha akafunika kwa kigae cha chungu. Alituambia aimu, yaani wazee wetu waliokufa, hupita nyumbani watu wakiwa hawapo. Wakiukuta moto uchi huona haya, hutafuta cha kuuvalisha, na nguo iliyo karibu ni nyasi za paa.

Baba alikuwa mzee wa kanisa, tena mkali, na maneno hayo yalimfedhehesha mbele ya washirika. Jumapili moja ya kiangazi, sisi tumeshavaa viatu, Susu alikuwa bado ameinama mafigani.

"Mwaitu," Baba alimwambia mama yake, "hiyo maneno ya aimu tuliacha. Twende, kanisa inaanza."

"Ngoja nivalishe moto."

"Wacha hivyo hivyo! Mungu ndiye analinda hii boma."

Akamshika mkono, akamtoa nje.

Mahubiri hayajafika katikati, mtu alipiga kelele mlangoni kwamba kwetu kunaungua. Tulikimbia, lakini upepo ulikuwa umeshamaliza kazi. Jiko la Susu lilikuwa majivu matupu. Mbegu zetu zote, mahindi na kunde alizotundika juu ya moshi zisiliwe na wadudu, ziliteketea, na mvua ilikuwa karibu. Susu hakulia. Hata "si nilisema" hakuitamka.

Ilibidi tuombe mbegu kwa majirani walewale ambao Baba aliwakemea kwa kuamini aimu. Hakuthubutu kwenda mwenyewe, akanituma mimi na kiondo. Mama mmoja alinimiminia kunde bila kinyongo, kisha akasema, "Mwambie mzee, sisi moto wetu tulifunika." Nilitamani ardhi inimeze. Kumwonea baba yako aibu ni jambo zito kwa mtoto, na sikuwa na wa kumwambia.

Jiko jipya lilipokwisha kujengwa, asubuhi moja mimi na Susu tuligeuka njiani, tukarudi nyumbani kuchukua kibuyu tulichosahau. Kupitia mlango ulio wazi tulimwona Baba amechuchumaa, anafukia makaa, anapapasa akitafuta kigae. Susu alinivuta nyuma hadi kwenye zizi. Akaanza kukohoa kwa nguvu, akaburuta miguu. Baba alitoka akipangusa mikono, wakazungumza habari za mbuzi.

Baba alikufa bila kumwomba mama yake msamaha, na mpaka leo naona aibu kwa niaba yake. Siku hizi napikia gesi. Kila nikiifunga kabla ya kwenda kanisani, nakisikia kile kikohozi cha zizini. Susu hakuwa anaumwa kifua.