Freni Zilizokunywa Mawese

Mawese yakianza kupata moto kwenye sufuria yanatoa harufu nzito, tamutamu, na wenzangu wote hapo hufikiria sombe, mboga ya majani ya muhogo. Mimi nafikiria freni za gari. Msinicheke bado, ngojeni niwaeleze.

Miaka ile ya hamsini baba yangu alikuwa akiuza samaki, akiwatoa Baraka ziwani na kuwapandisha Fizi milimani kwa kamioneti kuukuu aliyoinunua kwa mzungu mmoja aliyerudi kwao. Freni zake zilivutwa kwa nyaya, na kwenye mteremko wa Fizi zilishika zikipenda. Ndiyo maana mama alisafiri na kigogo cha mti mapajani. Baba akiita tu, mama yuko chini, kigogo kiko nyuma ya gurudumu au mbele yake. Alikuwa mwepesi sana, na mwenye maneno pia: alisema yeye hakuolewa na mtu, aliolewa na gari.

Basi Fundi Asukulu akaleta kutoka Uvira vyuma vya lori lililopinduka, akalala chini ya kamioneti yetu siku nne. Nakumbuka nyayo zake tu, nyeupe kwa vumbi, zikichezacheza anapoimba. Alipotoka, gari lilikuwa na freni za mafuta. Mama alifurahi mpaka akakifanya kile kigogo kiti chake cha jikoni.

Fundi aliinua ubao wa miguuni, akamwonyesha baba kikopo kidogo chenye kifuniko.

“Hii inakunywaka mafuta,” alisema. “Ikipunguka, unaongeza. Usisahau.”

Nilikuwa na miaka kama saba, na nilisikia vizuri sana. Sasa, kwetu gari lilikunywa esanzi, taa ilikunywa petroli, na mafuta yalikuwa mawese. Mafuta mengine sikuyajua. Siku ya kwenda kumwona nyanya Fizi, mama akiwa bado anamvalisha mdogo wangu, niliinua ubao, nikafungua kifuniko, nikaona kikopo hakijajaa. Nikakijaza mawese mapya ya mama, yale mazuri ya juu. Nilimpenda baba kupita kiasi, jamani, na sikutaka asahau.

Tulipanda polepole. Ziwa lilibaki chini yetu, likipungua, likiwa na rangi ya moshi, mpaka sikujua tena maji yanaishia wapi na mawingu yanaanzia wapi. Mama aliimba, mikono yake haina kazi. Nililala nikiwa na furaha yangu ya siri.

Asubuhi Fizi ilikuwa baridi. Nyanya alichukua chupa ya mawese tuliyomletea, akaisogeza karibu na moto, akilalamika kwamba mafuta ya Baraka yakifika huku yanaganda. Nikatazama. Ndani mafuta yalikuwa mazito, ya manjano, hayatikisiki.

Nje gari lilikuwa linanguruma. Mama alishapanda na mtoto mgongoni, na kigogo kiko jikoni Baraka.

Nilikimbia nikaushika mlango kwa mikono miwili.

“Baba, mafuta ya freni imeganda.”

“Mafuta gani?”

“Mawese. Niliongeza.”

Baba alikanyaga pedali, akakanyaga tena; ilikuwa ngumu kama jiwe. Aliinua ubao, akatia kidole, akakitazama kile kidole, kisha akaitazama njia inavyoshuka. Akazima gari. Alichukua kitambaa akapangusa kifuniko muda mrefu, wala hakunipiga.

“Usiambie muntu,” alisema.

Fundi aliitwa, akafika siku ya tatu. Mbele ya watu wote baba alimwambia kwamba ni yeye baba mwenyewe aliyetia mawese. Fundi alicheka mpaka akakaa chini. Tuliporudi, Baraka nzima ilishajua, na baba akawa Papa Mawese. Bamama wa sokoni walimwuliza kama gari limekula na sombe. Nami, mnajua nilifanya nini? Nilinuna. Niliona baba ameniibia jambo langu, maana si mimi niliyetuokoa?

Jina hilo alizeeka nalo. Katika matanga yake Fundi Asukulu, naye mzee wa mkongojo, alikuja kukaa kando yangu.

“Feza,” alisema, “baba yako hakuweka ile mawese.”

Nilimwuliza alijuaje.

“Kifuniko alipangusa muzuri. Chini ya ubao alisahau. Kulikuwa alama ya kidole, kadogo hivi.” Akanionyesha ncha ya kidole chake cha mwisho. “Nikapangusa miye.”

Wakati huo ndipo nilipoelewa aibu ile alikuwa ameibeba nani, na kwa ajili ya nani. Lakini nilikasirika kidogo. Nikamwuliza: kama alijua, mbona alimcheka baba miaka yote ile, tena mbele ya watu?

“Ningeacha kumucheka,” alisema, “angejua kama nimejua.”

Niliingia jikoni kwa mama, nikakalia kile kigogo, nikalia.