Gari Lililokula Mayai

Harufu ya injini iliyochemka huwaumiza watu wengine kichwa. Mimi hunitia njaa. Nikipita karibu na gari lililosimama kando ya barabara likitoa mvuke, ule moto wa chuma na kutu ukanifikia puani, mate hunijaa mdomoni, na mara nakuwa tena mtoto wa Kihesa, pale Iringa, mwenye kikapu mapajani na wivu rohoni.

Wivu wenyewe ulikuwa juu ya gari. Baba alilinunua likiwa limechoka, kwa mlowezi mmoja aliyekuwa akirudi kwao, ili abebe vitunguu na mahindi ya watu kwenda Mbeya. Miaka ile ya hamsini wenzetu wenye magari mjini Iringa walikuwa wachache sana, na ilitupasa tujivune. Lakini gari lile lilikuwa gonjwa siku zote, na fundi wa mjini alikuwa ghali. Baba akawa analitibu kwa vitu vya nyumbani. Tangi la petroli lilipovuja, alichukua kipande cha sabuni ya mama, akakikanda, akaziba. Baridi ya Juni ilipolifanya ligome kuwaka asubuhi, akawa anaifunika injini usiku kwa blanketi. Blanketi hilo nilikuwa nimeahidiwa mimi. Nililala nimejikunja nyuma ya mgongo wa bibi, nikisikiliza upepo, nikijua kwamba huko nje kuna aliyelala vizuri kuliko mimi.

Wanawake wa jirani walimtania mama kisimani. "Mama Tumaini, mke mwenzio ameamkaje?"

"Amekula, amekunywa, amefunikwa," mama alijibu. "Angekuwa mke kweli angenisaidia hata kupalilia."

Wote walicheka. Mimi, Tumaini mwenyewe, sikucheka.

Lililoniuma zaidi lilikuwa jambo la mayai. Kwetu mtoto hakula yai. Tuliambiwa mtoto akionja yai atakuwa mwizi, nami niliamini, ila kutamani sikuacha. Kisha rejeta ikaanza kuvuja. Fundi alipotaja bei ya kuilehemu, baba alivaa kofia yake akaondoka bila kuaga. Jioni ile alipasua yai akalimimina ndani ya rejeta yenye moto. Likaiva humo humo, likaziba tundu. Nilitazama nikiwa nimesimama mlangoni. Gari lilikula yai, na hakuna aliyehofu kwamba litakuwa jizi.

Likizo moja baba alinichukua twende Mbeya kwa shangazi, ambaye kuku wake walikuwa wamekufa kwa kideri. Mama alimpelekea mayai ya kuatamisha. Aliyafukia katika pumba ndani ya kikapu, akanikabidhi. "Uyashike kama mtoto mchanga," aliniambia. Nilikaa mbele na baba bila kusema neno, maana nilikuwa mtoto wa aibu. Hata baba yangu nilimjibu kwa kichwa.

Tulipomaliza tambarare za Usangu na kuanza kupanda, mvuke ulifoka. Baba alishuka, akafunua boneti, akarudi dirishani.

"Mama, nipe yai moja." Aliniita mama kila alipotaka kitu kigumu.

Nilimpa. Tukaenda kidogo tu.

"Mama, jingine."

Tundu la zamani lilikuwa limezaa wenzake. Kila nilipotoa yai nililisonya lile gari kimoyomoyo. Mwishowe mkono wangu ulipapasa pumba ukakuta limebaki moja. Nikalikumbatia.

"Limekula yote," nilisema, na sauti yangu ilitoka kubwa hadi nikashtuka mwenyewe. "Mimi sijala hata moja!"

 Baba alinyoosha mkono akalichukua, nami nikaanza kulia kimyakimya. Lakini hakulipasua. Alikinga kopo, akateka maji ya rejeta yaliyokuwa yakitokota, akalitumbukiza yai zima, akaliweka kopo juu ya injini na kulifunika kwa lile blanketi la injini. Tukasubiri. Alipolimenya, lilikuwa bado laini katikati, na ganda lake limeshika rangi ya kutu.

"Kula, mama. Shangazi yako akiuliza, gari limekula yote."

"Sitakuwa mwizi?"

"Mwizi ni mimi. Nani kamaliza mayai ya watu?"

Nililila polepole, na baba akaangalia pembeni, kuelekea milimani.

Njia yote iliyobaki gari lilivuja. Kila kijito tulisimama, baba akateremka bondeni na debe, akarudi akihema, shati limelowa mgongoni. Mimi nilikaa nimejifunika blanketi, tumbo limeshiba, nikifurahi kwamba leo nimelishinda gari. Tulifika giza limeingia. Shangazi alitia mkono kikapuni.

"Kaka, umenibebea pumba kutoka Iringa?"

"Gari limekula," baba alisema, akaomba maji ya kunawa. Hakunitazama, nisije nikacheka.

Nilikuwa mtu mzima, nimesimama kando ya barabara na gari la wengine likitoa mvuke, ndipo nilipojiuliza kwa nini siku ile lile letu halikuacha kuvuja, wakati mayai yalikuwa yakiliponya siku zote. Lilikuwa limebakiza tundu moja tu, na yai la tundu hilo baba alikuwa amenimenyea mimi.