Karatasi ya Baraza na Chungu cha Impeke

Faili ya talaka yetu niliitengeneza mwenyewe, bila wakili. Wapo watu mjini hapa wanaotafuta mtu wa kuwaandikia hata barua ya kuomba umeme. Mimi nina diploma ya uhasibu niliyoisomea nikiwa mkimbizi Kigoma, mchana darasani, jioni nikiuza karanga kando ya barabara ya kambi. Niliporudi Burundi sikuwa na shamba wala ndugu serikalini. Leo nina duka la vipuri vya pikipiki mtaa wa Quartier Asiatique, na nyumba Carama, pembeni mwa mji, ambayo hata mlango wake niliuchora kabla fundi hajagusa mbao. Karatasi haziwezi kunitisha.

Na talaka ya watu waliokubaliana, ukiielewa, haitishi. Mahakama haikuulizi nani alikosa. Inataka kuona kwamba mlioana kweli, kwa hiyo unaleta nakala ya cheti cha ndoa kutoka komine, yaani ofisi ya tarafa, mlikofungia ndoa, si ile mnayoishi sasa. Kama kuna mtoto, unaleta cheti chake cha kuzaliwa. Kisha mnaandika mapatano: nani anabaki na nini, mtoto analala wapi, na nyote wawili mnatia sahihi. Mapatano yetu niliyaandika kwa Kifaransa ambacho karani wa mahakama alikisoma akaniuliza nilisomea sheria wapi. Nyumba ya Carama yangu, cherehani na chumba cha ushonaji cha Cibitoke vyake, binti yetu kwa mama yake, shule juu yangu.

Hatukuwa tumegombana. Mimi ni mtu wa kwenda. Nikikaa bila mpango mpya miguu inaniwasha. Mke wangu alizaliwa mtaa wa Cibitoke, akakulia Cibitoke, na Carama aliiona kama adhabu, vyura wengi na majirani wachache. Tulichoka polepole, kila mmoja upande wake, hadi siku moja tukasema jambo hilo kwa sauti, na wote wawili tukapumua.

Kilichonikosesha usingizi ni muda. Makubaliano ya namna ile yanasimama kwa sababu tu siku hiyo hakuna mwenye hasira. Nilishaona watu walioanza wakicheka wakamaliza wakinyang'anyana masufuria mbele ya hakimu. Nilitaka hukumu itoke kabla mmoja wetu hajaamka vibaya na kubadili mawazo.

Karani akafunga faili, akaifungua tena.

"Iko muzuri, patron. Sasa PV ya baraza la familia iko wapi?"

PV ni karatasi ambayo wazee wa pande mbili wanaandika baada ya kuwakalisha mume na mke: tumewasikiliza, tumejaribu kuwapatanisha, imeshindikana. Bila hiyo, alisema, hakimu wao angeturudisha nyumbani. Nikamwambia ataipata kabla ya mwisho wa wiki. Nilijua kupanga mambo.

Baraza lilikaa Cibitoke, uani kwa baba mdogo wa mke wangu, mwalimu mstaafu ambaye familia yao yote inamwogopa. Upande wangu alikuja shangazi, kwa sababu ndiye niliyebaki naye. Nilieleza habari yetu vizuri, bila kumlaumu mtu. Mke wangu akasema maneno machache, hayo hayo. Wazee wakatikisa vichwa. Kazi ilikuwa imekwisha kabisa.

Kisha kikaletwa chungu cha impeke, pombe ya mtama, kikawekwa katikati na mirija yake mirefu. Jua lilikuwa kali. Nilishika mrija. Nilikuwa nikiwasimulia jinsi mteja mmoja alivyonirudishia breki za pikipiki akidai zinashika sana, na mke wangu, ambaye anaijua hadithi hiyo, alicheka, akainama, akashika mrija wa pili. Tulikunywa.

Mwalimu akafunika kalamu yake.

"Basi imeisha," alisema.

"Ndiyo, muzee. Tunaweza kusaini."

"Kusaini nini, mukwe? Mumekunywa mu chungu kimoja mbele ya familia mbili. Batu banakunywa hivi wakisha patana. Mi niandike imeshindikana, na macho yangu imeona?"

"Ilikuwa kiu tu, muzee."

"Kiu." Aliwatazama wengine. "Diploma yake ilimufundisha kunywa na bibi yake asubuhi, kumuacha jioni."

Walicheka, shangazi yangu pia. Nami kambini nilikokulia kila mtu alikuwa na kikombe chake cha plastiki; chungu cha pamoja nilikijua kwenye harusi tu. Nilieleza sheria, nikaeleza tena. Mwalimu alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama nataka nyama.

Siku zilizofuata sikuweza kukaa. Dukani nilihesabu boksi la plagi, nikasahau, nikahesabu upya. Nilikwenda Cibitoke na kurudi bila kushuka kwenye pikipiki. Mwishowe nikampigia simu mke wangu.

"We ulijua habari ya chungu?"

"Nilijua."

"Sasa juu ya nini ulikunywa?"

Cherehani ilikuwa inalia nyuma yake, ikanyamaza.

"Ulikuwa unachekesha, papa wa mutoto. Nikasahau. Usinitafutie kesi."

Nilimwomba mwalimu atukalishe tena. Alikubali kwa sharti moja: chungu kitakuwepo. Akasema kama kweli imeshindikana, kitaonyesha.

Safari hii kiliwekwa kati yangu na mke wangu, na mirija miwili ikaelekezwa kwetu. Jua lilikuwa lile lile. Yeye alikuja na chupa ya soda aliyoinunua njiani, akaishika mapajani bila kuifungua. Mimi sikuleta kitu. Hakuna aliyesimulia hadithi. Povu lilikuwa likipasuka taratibu pembeni mwa chungu, nami nilikuwa na hadithi nyingine tayari mdomoni, ya mteja aliyetaka honi ya lori kwenye pikipiki, ambayo mke wangu alikuwa hajawahi kuisikia. Nilijua kabisa angecheka wapi.

"Mukwe," mwalimu alisema. "Karibu."

Nilikalia mikono yangu.

"Apana, muzee."

"Na we, mutoto wangu?"

Alikitazama chungu, kisha chupa yake.

"Apana."

Mwalimu aliandika, akatupa tusome. Nilisaini, naye akasaini, na wazee wakakivuta chungu upande wao wakaanza kunywa. Nikaiweka karatasi ndani ya faili. Sasa ilikuwa kamili, na ninasema bila aibu kwamba hakimu hajapata kuona faili safi kama ile.

Mke wangu alinisindikiza hadi kwenye lango.

"Una kiu?" aliuliza.

"Sana."

Alifungua soda, akanywa kidogo, akaninyooshea chupa. Kabla sijaishika akageuka kutazama uani walikokaa wazee, akairudisha kwake.

"Ngoja kwanza hakimu amalize," alisema, akainywa yote pale pale, nami nimesimama nikimtazama.