Kiinua Mgongo cha Kuotesha

Swaumu binti Mwinyijuma alikuwa mpishi wa kibarua katika chuo kimoja cha serikali pale Kibaha, na kicheko chake watu walikijua kabla ya kumjua mwenyewe. Akicheka, ilimlazimu kutafuta mahali pa kukaa. Akikosa, alikaa chini palepale, mwiko mkononi, mpaka kicheko kimwishe. Wanafunzi waliopanga foleni ya ugali walianza kucheka hata kisa chenyewe hawajakijua.

Miaka michache baada ya Uhuru, mpishi mmoja mwenye ajira ya kudumu alistaafu. Alifanyiwa sherehe, akapewa kiinua mgongo chake, akaondoka na godoro jipya kichwani. Swaumu alimtazama mpaka akapotea njiani, kisha akamgeukia Eugenia, mwanamke aliyetoka Songea na kupika naye jiko moja.

"Na sisi vibarua tukizeeka tunapewa nini?"

"Tunapewa kwaheri," Eugenia akajibu.

Swaumu alicheka akakalia gunia la maharage. Lakini neno lile lilimwingia. Jumamosi iliyofuata alidandia lori la mchanga mpaka Mlandizi, akaenda kwa miguu mpaka Dutumi, kwenye shamba alilorithi kwa baba yake. Enzi hizo korosho zilikuwa zimeshika moto. Wanunuzi waligombea magunia, na mwenye mikorosho aliezeka bati. Alirudi Mkuza, walikopanga na mumewe Mbaraka aliyekuwa mwashi, akamwambia, "Kama hakuna wa kuniinua mgongo, nitajioteshea cha kuniinua."

Tangu hapo kila masika alipanda mikorosho. Si mingi, kadiri ya mashimo aliyoweza kuchimba siku zake za mapumziko. Alijiwekea sharti moja tu: mvua iwe nyingi au haba, nyumbani kuwe na harusi au matanga, masika hayapiti bila mche kuingia ardhini. Eugenia naye akaomba kipande cha bondeni, akapanda yake. Siku za kupanda zikageuka ngoma. Kila mche ulipigiwa vigelegele na kupewa jina la kile utakachonunua. "Huyu Bati! Huyu Khanga ya Doti!" Swaumu aliita, akiukandamiza udongo kwa kisigino. "Na huyu, Eugenia, huyu anaitwa Usiniamshe Alfajiri!"

Katikati ya miaka ya sabini mambo yakaharibika. Operesheni Vijiji ilihamisha watu, na mashamba ya zamani yakabaki mbali, nyasi zikayafunika. Ghala la kijiji lilikuwa bado lina korosho za msimu uliopita. Mnunuzi hakuja, na alipokuja alitaja bei ambayo watu walidhani anatania. Hakuwa anatania. Watu wakashika mashoka. Mjini mkaa ulikuwa unatakiwa, na njia nzima ya kwenda Dutumi ikawa moshi wa matanuri.

Masika yalipoanza, Swaumu akachukua jembe. Mbaraka alisimama mlangoni.

"Mama Mboni, safari ya wapi?"

"Kupanda."

"Kupanda nini?"

"Mikorosho, Baba Mboni. Kwani mvua huisikii?"

"Watu wanakata, wewe unapanda? Watasema nimekuoa ukiwa mzima, nikakuharibu mimi!"

"Bei hii ni ya mwaka huu," Swaumu alisema. "Mkorosho nitakaopanda leo hauzai mwaka huu. Sasa mimi na bei hii tunajuana wapi?"

Jibu lile lilimfurahisha Swaumu mwenyewe kiasi kwamba aliangua kicheko, akakaa kizingitini jembe likiwa begani, na mumewe akamruka kwenda kazini.

Mwaka huohuo bwana shamba mmoja alikuwa na kitalu kizima cha miche iliyokosa wenyewe. "Chukua, mama," alisema. "Chukua yote, inanitia huzuni." Swaumu na Eugenia waliipakia kwenye lori, wakakaa katikati ya majani kama maharusi. Walicheka mpaka dereva akasimamisha gari na kuja nyuma kuangalia nani kaumia.

"Kuna nini huku?"

"Hakuna kitu, mwanangu," Swaumu alisema akifuta machozi. "Bei ilipokuwa juu miche hii tuliililia. Leo tunabembelezwa tuichukue!"

Masika yale walipanda mingi kuliko mwaka wowote, na ukiacha waliyopewa bure, hawakubadili kitu: siku zilezile, jembe lilelile, palizi ileile.

Ila mavuno mabaya yalifuatana. Sukari ikaadimika, sabuni ikaadimika, na siku moja Swaumu alimkuta Eugenia bondeni ameshika shoka.

"Usinizuie," Eugenia alisema. "Wanangu hawali majina ya miti. Na umri wangu haungoji."

Mara hii Swaumu hakucheka. Aliketi kwenye nyasi. "Hata mimi naogopa," alisema. "Naogopa sana. Huenda nimepoteza siku zangu zote za mapumziko, na nitakufa nasonga ugali."

"Mbona hujawahi kusema?"

"Ningesema, nani angenishikia jembe?" Akauvuta upindo wa khanga yake. "Eugenia, siku ambayo bei itapanda siijui. Bwana shamba haijui, mnunuzi haijui. Najua hili tu: siku hiyo ikifika, mkaa hautazaa korosho."

Eugenia alitaka kukasirika. Akaliona tanuri la jirani likifuka kule ng'ambo, akawaza lile rundo jeusi likichanua maua, na kicheko kikamponyoka puani. Alikata mikorosho miwili iliyokuwa imekwisha kukauka, akauza mkaa wake, akanunua unga. Iliyobaki akaiacha. Jioni ile walifyeka pamoja njia ya kuzuia moto, wakipigana vikumbo.

Miaka ya themanini ilipoingia, mikorosho ya Swaumu ilikuwa imepanda kupita paa la nyumba. Msimu mmoja ilichanua mpaka harufu ikafika barabarani. Mabibo yakaanguka mekundu na manjano, mbuzi wakala wakalewa, wakawa wanatembea upandeupande. Ndipo lori la mnunuzi likaja mapema kuliko kawaida. Msimu ule korosho zilikuwa haba, na bei ilikuwa imeamka.

"Hapa mwenye korosho ni nani?" mnunuzi aliuliza.

Vidole vyote vya Dutumi vikaelekea upande mmoja.

Magunia yalipangwa mpaka lori likainama. Mbaraka alipanda juu kabisa, kofia imemwanguka, akatangazia kijiji, "Nilimwambia mke wangu tusikate! Nilimwambia!" Swaumu alimsikia. Alitafuta pa kukaa, hakuona, akakaa chini katikati ya mabibo, na Eugenia akamwangukia juu, wote wawili hoi.

Jumatatu alikwenda kwa msimamizi wa jiko, Bwana Ponsiano, akaulaza mwiko mezani.

"Bwana Ponsiano, nastaafu."

"Mama Swaumu, kibarua hastaafu. Kibarua anaacha kazi."

"Basi niandike mimi wa kwanza," akasema, na kwa kuwa hakuna aliyemfanyia sherehe, aliifanya mwenyewe. Alileta pilau na sufuria la korosho za kukaanga, wanafunzi wakala mpaka kengele ya darasa ikapuuzwa.

Sikukuu ya Idi waliteremka Dar es Salaam, wao watatu. Pale Mnazi Mmoja kulikuwa na pembea za kuzunguka, na Swaumu alipoziona alinyoosha mkono kama mtoto. Kijana wa pembea alisema, "Shikamoo mama, hizi si za watu wazima."

"Marahaba. Mimi nimestaafu," Swaumu akamjibu, akapanda, akamvuta Eugenia aliyekuwa akiwaita watakatifu wote. Pembea ikaanza. Khanga zikapepea, Eugenia akafumba macho, Swaumu akapiga kelele za furaha mpaka wauza kashata wakageuka. Iliposimama walikataa kushuka, wakalipia tena, kichwa kikiwazunguka na dunia nzima ikiwacheka. Chini, Mbaraka alisimama ameshika viatu vya wote wawili, akimwambia kila aliyepita kwamba yule anayepiga kelele kushinda wote ni mke wake.