Backup ya NAS iliandika Completed kila Ijumaa, kumbe video ya marehemu haimo

Wakuu, habari za muda huu.

Ilianza Jumatano, saa nane na robo mchana, hapa Nachingwea. Nimeanza na saa kwa sababu ndivyo nilivyoandika kwenye diary yangu, na haya nayanakili kutoka humo. Sijaongeza kitu. Niko kidato cha tatu na si mwongeaji. Darasani nikijibu swali, mwalimu inabidi asogee ndiyo anisikie. Kwa hiyo mnivumilie.

Mama yangu ana studio ya picha na video. Kazi yake kubwa ni harusi, hasa upande wa wanawake. Huku kwetu wanawake wakiwa peke yao wanavua mitandio, wanacheza, wanataniana, na hawataki mwanaume aone. Ndiyo maana wanamwita mama mpaka vijiji vya Ruangwa.

Na ndiyo maana video zao hatuziweki mtandaoni. Tuna NAS. Kwa asiyejua, ni kisanduku chenye diski mbili ndani, kinaungwa kwenye router, na kompyuta inakiona kama Drive Z. Diski moja ni nakala ya nyingine. Juu ya hapo, kila Ijumaa software ya backup ilikuwa inanakili kila kitu kwenda kwenye external, yaani diski ya nje ya kuchomeka. Ikimaliza inaandika Completed, na tiki ya kijani.

Wiki moja kabla, umeme ulikatika ukarudi kwa nguvu. Kisanduku kikafa. Mama hakushtuka, alisema, "Si tuna external."

Basi Jumatano hiyo akaingia dada mmoja, nitamwita Zuhura, katokea Nandagala, huko Ruangwa. Alikaa kwenye kiti cha wateja bila kuegemea. Mama yake alikuwa amefariki, na kesho yake ilikuwa arobaini.

"Mama alikuwa hapigi picha," alisema. "Hata ukimlenga na simu anageuka. Yupo kwenye harusi ya mdogo wangu tu, ile uliyorekodi ndani, anampa maneno bi harusi. Flash uliyotupatia imeharibika. Nataka wadogo zangu wamuone."

Mama akaniambia nichomeke external.

Kulikuwa na folda inayoitwa Z. Nikafungua. Tupu.

Nikaitoa external, nikachomeka tena. Tupu. Nikafungua ripoti ya Ijumaa iliyopita, nikashuka mpaka chini kabisa. Kuna mstari wa maandishi madogo: network location skipped, yaani sehemu ya mtandao imerukwa. Ijumaa ya kabla yake hivyo hivyo. Zote.

Mama akampigia fundi Bakari, anatengeneza kompyuta ng'ambo ya barabara. Alikuja, akasoma, akavua kofia.

"Hili ni toleo la bure," alisema. "Linasoma diski zilizo ndani ya kompyuta tu, NAS hailihusu. Aliyewafungia aliona Z kwenye orodha, akajua ni diski kama nyingine."

"Mbona linaandika Completed?"

"Limekamilisha lile linaloweza, mama."

Zuhura alikuwa anakunja na kukunjua ncha ya mtandio wake.

Fundi akasema huenda kilichoungua ni ubao wa kisanduku na diski ni nzima. Akachomoa moja, akaiunga kwa kebo. Windows ikaleta ujumbe kwamba diski inahitaji kufanyiwa format. Mouse ilikuwa mkononi mwangu.

"Binti, ukibonyeza hapo tumemzika mara ya pili." Halafu akamgeukia Zuhura. "Nisamehe dada. Mdomo umetangulia."

Wakuu, hapa nisimame kidogo. Diski za NAS nyingi zimeandikwa kwa mfumo ambao Windows haiujui. Inaziona kama hazina kitu. Usikubali format, inafuta kila kitu.

Fundi alikuwa na flash ya Linux, mfumo unaoweza kuzisoma. Kabla hajakaa, mama akamzuia.

"Fundi, humo kuna wanawake wa watu vichwa wazi. Niliwapa neno langu."

"Mwanzo ni maandishi tu."

"Na ikifunguka ghafla?"

Fundi alifikiri. Akatoka nje, akakaa kwenye benchi, akageuza uso barabarani. "Akae binti," alisema. "Anisomee, mimi nitamwambia cha kuandika."

Hapo ndipo ilibidi nipige kelele, mimi.

Nje kulikuwa na mzee wa Kisukuma, mfugaji, anasubiri passport size zake.

"Fundi, humo ndani wamekununia?"

"Niko kazini, mzee."

"Kazi gani ya kutazama barabara?" Kisha akanisikia nikisoma herufi moja moja. "Binti, kwa sauti hiyo ng'ombe hata sikio hageuzi."

Zuhura alicheka kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza tangu aingie.

Nikaongeza sauti. Nilikosea nafasi kati ya maneno, amri ikakataa, fundi akanirudisha mwanzo. Tukarudia mpaka jua likaanza kuingia mlangoni. Halafu folda zikajitokeza zote. Nikatafuta Ruangwa, nikatafuta Nandagala, nikafungua video.

Alikuwa amekaa kwenye mkeka, nywele nyeupe zimesukwa mistari, ameshika mkono wa bi harusi.

"Ukichoka, sema umechoka," anamwambia. "Mimi nilikuwa sisemi." Wanawake wote kwenye video wanacheka, naye anacheka.

Zuhura aliirudisha hapo mara kadhaa.

"Ipo?" fundi aliuliza kutoka nje. Mama na Zuhura hawakutoa macho kwenye video. Mwishowe nikamjibu mimi, kwa sauti, bila kuambiwa. "Ipo, fundi."

Mama akatoa flash mbili mpya. Zuhura akachukua moja.

"Hii inatosha. Na hiyo ya kwenye diski naomba mfute."

"Mwanangu, tunatunza kwa ajili ya siku kama ya leo."

"Najua, nawashukuru sana. Ila mama alikubali kwa sababu aliambiwa itakaa nyumbani. Nisingekuja leo, ingekaa humu mpaka lini?"

Mama akairudisha flash ya pili kwenye droo. Kisha akasema, "Ukifika, ukaiona imefunguka, nipigie. Tutafuta."

Nilichojifunza: tiki ya kijani si backup. Kabla ya kuweka software, uliza kama toleo lako linasoma NAS, kisha rudisha faili moja ulione kwa macho. Na uliza pia mwenye kitu anataka kibaki kwako au la. Hilo sisi hatukuwahi kuuliza.

Wenye uzoefu naomba mtaje software inayoiva na NAS. Na kina dada mniambie, ingekuwa mama yenu, mngefuta? Nitasoma zote, hata nisipojibu.

Alhamisi asubuhi Zuhura alipiga. Video imefunguka kwenye TV, wadogo zake wamemuona. Fundi akaja kukaa tena kwenye benchi, uso barabarani, ingawa sikuwa na cha kumuuliza. Nikafuta kwenye diski ya kwanza. Nikachomeka ya pili, nikafuta. Halafu nikafungua external, folda ya Z, kuhakikisha hata huko haimo.

Haikuwemo.