Nyota ya Mkia Ilipotuzuia Mbaha

Jua lilikuwa limeshazama, na nyota ya mkia ikaonekana juu ya ziwa, pale kijijini Mbaha. Dada alikuwa amelala ndani ya boti, uchungu wa kuzaa umembana, na mwenye boti hataki kutupeleka hospitali.

"Kwenye simu wanasema hata gharika ya Nuhu ililetwa na nyota kama hiyo," alisema.

Nilitamani kumtwanga kwa kasia. Katekista wetu, aliyetusindikiza, akambembeleza, "Mamajusi nao waliongozwa na nyota, labda ya mkia vilevile, wakamkuta Mtoto."

"Halafu watoto wa Betlehemu wakachinjwa."

Mama, aliyempakata dada, akainua uso kumtazama mwenye boti. "Mwanangu, wale hawakuuawa na nyota. Waliuawa na mtu."

Mwenye boti akavuta kamba ya injini bila kututazama.